Neno "Alikuwa" na Hukumu Itokayo Kwalo

Siku moja baada ya sala ya Magharibi, katika baraza yetu hapa Garissa, mmoja wetu alimtaja mwalimu aliyemsomesha utotoni. Akasema, "Bwana yule alikuwa mtu mwadilifu." Mzee mmoja aliyeketi karibu akaweka chini kikombe chake cha kahawa, akauliza kwa majonzi, "Lo! Amefariki lini?" Akaambiwa kwamba mwalimu hakufariki, amehamia Mandera, na afya yake ni njema. Waliohudhuria walicheka, na mzee mwenyewe akacheka pamoja nao. Lakini kicheko kilipokwisha tulijiuliza: mzee huyu aliitoa wapi khabari ya kifo? Msemaji hakutaja maradhi wala kaburi. Alisema neno moja tu, "alikuwa", na mzee akatoa mauti ndani yake.

Kosa la barazani humalizwa kwa kicheko. Lakini yako makosa ya namna hii hii ambayo hayachekeshi. Katika nchi yetu hii, iliyokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki na ambayo tangu mwaka 2013 ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, wako watu walionyimwa kipande kwa miaka mingi, na kwa kukosa kipande wakakosa kazi, chuo, benki na ruhusa ya kusafiri, kwa sababu mtu aliyeketi mezani alisoma sentensi ya wakati uliopita, akatoa ndani yake hukumu isiyokuwamo. Wako pia wanawake ambao hata leo hawajui waitwe wake wa watu au wajane, kwa sababu sentensi moja ya wakati uliopita haijapata mwisho wake. Kwa ajili ya hao tumeona yafaa kuliandika jambo hili, na twawaomba ndugu zetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na miji mingine ya pwani watuvumilie tukiingia kidogo katika nahau na mantiki. Njia si ndefu, na mwisho wake ni haki za watu.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kimetupa zaidi ya njia moja ya kulisema lililopita, na kila njia ina kiasi chake cha hukumu. Mtu akisema, "Amekwenda Wajir," msikizaji ana haki ya kufahamu kwamba huyo aliyekwenda hayupo hapa, kwani safari imetokea na athari yake bado ipo. Lakini akisema, "Alikwenda Wajir," safari imetajwa basi. Huenda yuko huko, huenda amekwisha kurudi, huenda ndiye huyo anayebisha hodi mlangoni. Mtu akikuuliza, "Yuko wapi sasa?" usimjibu kwa "alikwenda" ukadhani umemjibu.

Tena sema, "Alikuwa akijenga msikiti." Je, yafuata kwamba upo msikiti aliojenga? Haifuati. Wangapi walikuwa wakijenga, na kuta zikabaki kiunoni mpaka leo! Ama ukisema, "Alijenga msikiti," hapo jengo lilikamilika, ijapokuwa hukutuambia kama lingali limesimama au limeanguka. Basi sentensi mbili zenye mtu mmoja, kazi moja na wakati mmoja uliopita, moja yatoa hukumu ambayo ya pili haitoi.

Sasa tulitazame neno lenyewe, "alikuwa". Ukisema, "Fulani alikuwa mgonjwa," wengi wataelewa kwamba amepona, au kama yule mzee wetu, kwamba amekufa. Kujua kama hukumu hiyo imo ndani ya neno au imetoka katika kichwa cha msikizaji, iko njia nyepesi ya kupima. Ongeza maneno yaipingayo, uone kama usemi utavunjika. Sema, "Fulani alikuwa mgonjwa mwaka jana, na hata leo ni mgonjwa." Usemi haukuvunjika, ni maneno safi ambayo mtu aweza kuyasema na akawa mkweli. Basi "amepona" haikuwamo ndani ya "alikuwa mgonjwa". Jaribu tena kwa upande wa pili: "Fulani alikuwa mgonjwa mwaka jana, leo ni mzima." Hapo pia hapana kilichovunjika. Basi na "angali mgonjwa" haikuwamo. Neno "alikuwa" limetuleta mpaka mwaka jana likatuacha hapo. Anayetaka kufika leo atafute chombo kingine.

Mtu atauliza, ikiwa hukumu haimo ndani ya neno, mbona masikio yetu huisikia? Sababu yake ni adabu ya mazungumzo. Ajuaye hali ya leo kwa desturi husema hali ya leo. Kwa hiyo tukimsikia mtu ameiacha leo akasema jana, twadhani kwamba ana sababu: labda leo mambo yamegeuka. Dhana hiyo si mbaya, na maisha hayaendi bila ya dhana kama hizo. Lakini dhana ni dhana. Msemaji huenda hajui hali ya leo, au hakuulizwa, au alikuwa akisimulia tu mambo ya utoto wake, kama ndugu yetu wa barazani. Dhana inatosha kumfanya mtu aulize, "Amefariki lini?" Haitoshi kumgawia mtu mirathi.

Liko fungu jingine la sentensi ambalo lazima litengwe na hilo. "Alizaliwa Garissa mwaka 1990." Hii haifanani na "alikuwa mgonjwa". Ugonjwa ni hali, na hali huja ikaondoka. Kuzaliwa ni jambo lililotokea mara moja, na lililotokea halitanguki. Mtu huyu akihamia Eastleigh, akenda Minneapolis, akarudi, akabadili jina, akaandikwa katika daftari mia, bado ni kweli kwamba alizaliwa Garissa, na itakuwa kweli mpaka mwisho wa dunia. Hapa wakati uliopita una nguvu zaidi kuliko wakati wa sasa. "Ni mgonjwa" yaweza kuwa kweli asubuhi na uwongo jioni. "Alizaliwa" ikishakuwa kweli haiwi uwongo tena.

Na la mwisho, sentensi ya namna hii: "Iliandikwa kwamba fulani alikuwa msafiri." Humu mna wakati uliopita mara mbili, mmoja ndani ya mwingine. Tukikubali kwamba sentensi hii ni kweli, tumekubali nini? Tumekubali kwamba iliandikwa. Kalamu ilishuka juu ya karatasi. Kama alikuwa msafiri kweli, hilo ni jambo la pili linalohitaji dalili yake. Na kama ni msafiri hata leo, hilo ni la tatu. Kutoka "iliandikwa" mpaka "alikuwa" ni hatua moja, na kutoka "alikuwa" mpaka "ni" ni hatua nyingine. Mwenye haraka huzivuka zote mbili kwa mruko mmoja, wala hajui kwamba ameruka.

Haya si mambo ya leo, wala si mchezo wa watu wavivu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliingiza hesabu ya wakati katika elimu ya mantiki. Alitaka ijulikane, mtu asemapo kwamba kitu fulani kina sifa fulani, kama ni muda wote kitu hicho kiwapo, au ni kwa muda tu kinapokuwa katika hali waliyokitaja kwayo. Katika zama zetu, Bwana Arthur Prior, mwanafalsafa mzaliwa wa New Zealand aliyefariki mwaka 1969, aliunda mantiki nzima ya nyakati na kuieleza katika vitabu alivyovitoa mwaka 1957 na 1967. Miongoni mwa kanuni zake ziko zile tulizozifikia barazani kwa kahawa na tende: kwamba kilicho kweli sasa, milele itakuwa kweli kusema kwamba kilikuwa kweli, na kwamba kutoka "kilikuwa" peke yake huwezi kutoa "kiko". Wanafunzi wa Kiarabu nao wanalijua jambo hili kwa neno "kana". Sifa za Mwenyezi Mungu hutajwa mara nyingi katika Qur'ani kwa neno hilo la wakati uliopita, na hapana mwenye akili aliyepata kudhani kwamba sifa hizo zimekwisha.

Lakini mwanadamu hawezi kuishi katika kutojua. Sentensi ya jana haikutuambia lolote juu ya leo, na leo tunatakiwa kuhukumu. Tufanyeje? Hapa mafakihi wametuachia kanuni iitwayo istis-habi, na wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi wa pwani yetu na wa huku kwetu, wameishika sana. Maana yake ni kwamba jambo lililothibiti kwa yakini hubaki katika hukumu yake mpaka ije dalili ya kuwa limegeuka, na yakini haiondolewi kwa shaka.

Kila msomaji anaitumia kanuni hii, hata kama hajapata kulisikia jina lake. Mwenye udhu akatilia shaka kama umetenguka, husali. Mwenye kula daku akatilia shaka kama alfajiri imeingia, asili ni usiku, nao ulikuwako kwa yakini. Ama mwenye kufunga akitilia shaka kama jua limekuchwa, asili ni mchana, na hafungui. Aliyekuwa akidaiwa shilingi 1,000 angali akidaiwa mpaka ailete hati au shahidi kwamba amelipa. Wala haitoshi kwake kusema, "Lakini hiyo ilikuwa mwaka jana."

Tazameni vizuri kanuni hii inasema nini na haisemi nini. Haisemi kwamba "alikuwa" maana yake ni "ni". Inajua kabisa kwamba hali huweza kugeuka. Inalosema ni hili: ni juu ya nani kuleta dalili. Anayedai kwamba mambo yamegeuka ndiye mwenye mzigo. Na sharti ya kanuni ni moja, ambayo watu huisahau: hilo jambo la kwanza liwe lilithibiti kwa yakini. Huwezi kuchukua shaka ya jana ukaifanya yakini ya leo kwa kuwa tu umeiweka sana.

Sasa twende Dadaab. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka huko Mogadishu, na watu wakaanza kumiminika kuvuka mpaka. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa mwaka 1991 na 1992, katika ardhi ya Garissa. Ndani ya kambi palikuwa na chakula cha mgawo, zahanati na shule. Nje ya kambi walikuwako wenyeji, raia wa Kenya, ambao ukame ulikuwa umewamalizia mifugo. Mwenyeji alimwona jirani yake mkimbizi akirudi na unga na mafuta, na yeye watoto wake wamelala na njaa. Wengi wakaingia katika foleni, wakajiandikisha kuwa ni wakimbizi, wao na watoto wao, wakatia alama za vidole. Mambo hayo yalitokea tena katika miaka ya ukame iliyofuata, na mwaka 2011 ulikuwa mmoja wa miaka mizito zaidi.

Kisha watoto wakakua. Kijana akitimiza miaka 18 huenda kuomba kipande, kama sheria inavyomtaka. Vidole vyake vinatiwa mashineni, na mashine inajibu: huyu ni mkimbizi. Basi hapo mambo husimama. Hawezi kuwa Mkenya kwa sababu daftari lasema ni mkimbizi. Wala hawezi kurudishwa Somalia kwa sababu hakupata kutoka huko. Makumi ya maelfu ya watu wamekutwa na msiba huu, na wengine wamekaa nao zaidi ya miaka kumi.

Tuipime hukumu hiyo kwa mizani tuliyoiweka. Sentensi ya kweli ni ipi? Ni hii: "Kijana huyu aliandikwa kuwa mkimbizi." Hiyo hatuipingi, vidole vyake ni shahidi. Lakini kutoka hapo afisa amevuka mpaka "alikuwa mkimbizi", na kutoka hapo amevuka mpaka "ni mkimbizi", na kutoka hapo mpaka "si raia". Ni hatua tatu, na hapana hata moja iliyoletewa dalili.

Kwa upande wa pili iko sentensi nyingine ya wakati uliopita. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 14, yasema kwa maana hii: mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa, awe alizaliwa Kenya au kwingine, mama yake au baba yake alikuwa raia. Angalieni ilivyopangwa. Hukumu ya leo imefungwa katika jambo la siku moja iliyopita. Kama siku hiyo mzazi wake alikuwa raia, jambo limekwisha kutokea, na lililotokea halitanguki. Haliwezi kutanguka kwa foleni, wala kwa unga, wala kwa kidole kilichotiwa wino miaka mitano baadaye. Kwa hiyo anayeleta dalili ya uraia wa mzazi wake ameleta yakini ya kwanza, na daftari la kambi limeleta shaka iliyokuja nyuma yake. Mafakihi wangeamua mara moja.

Mtu atatupinga hapa, na upinzani wake ni wa haki. Atasema: "Ninyi mnaitumia istis-habi kwa faida yenu. Nami nitaitumia. Kijana alikuwa mkimbizi katika daftari, lililokuwa hubaki, basi ni mkimbizi, naye ndiye mwenye mzigo wa kuleta dalili." Jawabu yetu ni ile sharti tuliyoitaja. Lililothibiti kwa yakini katika daftari ni kuandikwa, si ukimbizi. Ubakize uandikishaji upendavyo, utabaki uandikishaji. Wala hatusemi kwamba kijana hana mzigo wowote. Anao: alete ushahidi wa mzazi wake. Tunalolipinga ni kwamba akishauleta aambiwe, "Lakini mashine imesema," kana kwamba mashine ilikuwako siku aliyozaliwa.

Mpinzani atasema tena kwamba nchi ina haki ya kuchunguza, na kwamba Garissa si mahali pa kufanyia mchezo. Hilo nalo ni kweli, na sisi ndio tunaolijua kuliko wengine. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao vijana waliokuja kutafuta elimu katika mji wetu. Anayeogopa tukio kama hilo lisirudi hatumlaumu. Lakini uchunguzi ni kutafuta dalili, na kuhukumu bila dalili hakuwi uchunguzi kwa kuwa kumefanywa na mwenye hofu. Tena watu wa huku wameyazoea mambo hayo muda mrefu. Sheria za hali ya hatari zilizoanza Desemba 1963 zilikaa juu ya nchi hii mpaka 1991. Na mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kuchunguzwa upya na kuchukua kadi za rangi ya waridi, kwa sababu watu wa kabila lao walikuwa upande wa pili wa mpaka. Ilikuwa kama kusema kwamba aliyekuwa raia jana si raia leo mpaka athibitishe. Hapo istis-habi iligeuzwa kichwa chini miguu juu.

Twashukuru kwamba mambo yameanza kunyoka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mahkama Kuu iliyoko Garissa iliamua kwa upande wa waliolalamika juu ya kuandikwa mara mbili huku, na mwezi wa Februari mwaka huo huo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa uchunguzi wa ziada uliokuwa ukiwahusu waombaji vipande wa kaunti za mpakani. Lakini tusisahau somo letu wenyewe. "Iliamuliwa" si sawa na "imetekelezwa", na "ilitangazwa" si sawa na "kila mtu amepata".

Ndugu wa pwani wasidhani kwamba hii ni khabari ya Wasomali tu. Nao wanaijua meza ile ambapo Mswahili, Mwarabu au Mbajuni huulizwa karatasi za babu yake. Mwambao wa Kenya ulikuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar mpaka 12 Desemba 1963. Sentensi hiyo ni kweli kabisa. Na asiyejua mantiki aweza kutoa ndani yake kwamba mjukuu wa raia wa Sultani ni mgeni. Haifuati. Katiba ya mwaka 1963 ilitazama mambo yaliyotokea: alizaliwa Kenya, mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya, naye usiku wa kuamkia uhuru alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya himaya yake. Huyo alipoamka tarehe 12 Desemba alikuwa raia wa Kenya. Bendera iliyokuwa ikipepea juu ya ngome haikuulizwa.

Lakini hatutakuwa wakweli tukiwalaumu maafisa peke yao. Baba aliyesema mbele ya mwandishi wa kambi, "Tulikimbia vita Kismayu," hali hakupata kuiona Kismayu, alisema uwongo. Twajua kwamba njaa ilikuwa imemshika, na dharura ina hukumu yake; hatumhukumu. Lakini aliyelipa ni mtoto wake, aliyekuwa hajui hata kutamka neno "mkimbizi". Na yako maovu makubwa kuliko hilo. Wako wazee miongoni mwetu ambao husimama wakashuhudia, "Namjua huyu, alizaliwa hapa, nalimjua baba yake," hali hakumjua mtu wala baba, ila bahasha tu. Tumesema kwamba "alizaliwa" ni sentensi yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa haitanguki. Basi anayeisema kwa uwongo anaharibu kitu chenye nguvu kuliko vyote. Kila shahada ya namna hiyo humfanya afisa aitilie shaka shahada ya mkweli anayefuata. Tukitaka "alizaliwa" yetu iaminiwe, tusiiuze.

Na katika mitaa yetu wenyewe sisi tunahukumuje? "Yule alikuwa mlevi." "Baba yao alikuwa shifta." "Ukoo ule walikuwa watumwa." Mlevi ametubu miaka ishirini, yuko safu ya mbele msikitini, na bado posa yake yarudishwa. Mtu akija kukwambia kwamba hapa ametumia istis-habi, kwamba aliyekuwa mlevi hubaki mlevi mpaka ije dalili, muulize: ni dalili gani atakayoikubali, ikiwa miaka ishirini haikumtosha? Ama aliyezaliwa na shifta, sentensi ile ni ya baba yake. Tunamlilia afisa asituhukumu kwa sentensi za jana, kisha twarudi nyumbani tukahukumiana kwa hizo hizo.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana: "hakurudi" na "hajarudi". La kwanza limefunga mlango. La pili limeuacha wazi, kwani ndani yake mna kungoja. Mwezi wa Februari 1984, huko Wajir, wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi waliuawa. Idadi iliyotajwa na serikali kwanza ilikuwa 57. Wenyeji wametaja mamia na hata maelfu. Miaka mitatu na miezi kadhaa kabla yake, Novemba 1980, palikuwa na maafa ya Bulla Karatasi katika mji wetu huu wa Garissa. Si kila aliyechukuliwa alionekana maiti yake. Mke wa mtu kama huyo akiulizwa alisema, "Alichukuliwa, na hajarudi."

Yafuata nini? Kwa istis-habi, mume alikuwa hai kwa yakini, basi ahesabiwe hai. Mali yake haigawanywi, na mkewe ni mkewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi zimepokewa kauli mbili. Kauli yake ya kale ni kwamba mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, kisha aweza kuolewa. Kauli yake mpya ni kwamba yeye ni mke mpaka ipatikane yakini ya kifo au ya talaka. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo yasema kwamba asiyesikiwa kwa miaka saba na wale ambao kwa desturi wangalimsikia akiwa hai, hukadiriwa kuwa amekufa. Mtaona kwamba hapana hata moja kati ya hizi iliyotoa kifo ndani ya neno "hajarudi". Zote zimejua kwamba hakimo. Zimetafuta chombo kingine: muda, hukumu ya kadhi, ushahidi.

Lakini ushahidi uko kwa nani? Mwanamke hana. Aliyenao ni aliyekuwako uwanjani siku ile na anayejua wangapi waliingia na wangapi hawakutoka. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais mwezi wa Mei 2013, na humo mambo ya Wagalla yameandikwa kwa urefu. Tulilokwisha kusema juu ya "iliandikwa" tunalikariri hapa kwa huzuni: kuandikwa ni kuandikwa. Mjane wa Wagalla, ikiwa ni mjane, ana haki ya kuambiwa sentensi moja kamili yenye jina la mumewe: aliuawa, siku fulani, akazikwa mahali fulani. Sentensi hiyo haitampa furaha. Itampa kukaa eda, kugawanya mirathi na kusali sala ya ghaibu. Kumwacha na "hajarudi" kwa miaka arubaini ni dhulma juu ya dhulma ya kwanza.

Basi, ndugu zetu, ikiwa somo letu lina faida, faida yake ni ndogo na kila mtu aweza kuichukua. Ukisikia "alikuwa", usitoe ndani yake "ni", wala usitoe "si", uliza. Ukiambiwa "iliandikwa", jua umeambiwa khabari ya kalamu. Ukiambiwa "alizaliwa", mtake mwenye kusema athibitishe, na akishathibitisha usimwondolee mtu haki hiyo kwa jambo lililokuja baadaye. Na ikiwa wewe ndiwe unayejua mwisho wa sentensi ambayo mwenzako anaingojea, usiufiche.

Yule mzee wetu wa barazani yu hai, alhamdulillahi, na kahawa yake hajaiacha. Siku hizi akimsikia mtu akisema "fulani alikuwa", huwa hapeleki mkono wa tanzia. Huuliza, "Na leo je?" Twatamani swali hilo liulizwe katika kila meza ya nchi hii, kabla ya kalamu kushuka.

Wabillahi taufiki.